Mti wa kihistoria umeanguka: kuanzia siku ya kwanza hadi kazi ya kumbukumbu

Kazi yangu ya kwanza ya ukumbusho ilipasuka mbele ya watu. Tulikata sahani ya shina la mti mkongwe, unene wa sentimita 6 hivi, upana wa meza ya watu wanne. Tukaipiga msasa, tukaipaka vanishi mara tatu, tukaitundika ukutani siku ya tisa tangu mti uanguke. Wiki ya tatu, kikao kikiendelea ukumbini, ukasikika mlio kama fimbo kavu inayovunjwa gotini. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye gome ukaenda moja kwa moja hadi kitovuni, na vidole viwili vilipita ndani yake. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Kosa lilikuwa letu, la haraka.

Mti wenye jina ukianguka, saa mbili huanza kwenda kwa pamoja. Ya kwanza ni ya watu: wana majonzi leo, wanataka kuona kitu mwezi huu. Ya pili ni ya mbao, nayo huhesabu kwa miaka. Haya ninayoandika ni kwa msanii, seremala, mkerezaji (fundi achongaye mbao zikizunguka mashineni) au kamati iliyokabidhiwa mti wa namna hiyo, na karibu kila hatua ni namna ya kuzipatanisha saa hizo mbili.

Hatua ya 1: Zuia misumeno

Wanaofika kwanza kwenye mti ulioanguka huwa si wasanii. Ni vijana wa kufungua njia, nao hukata kwa urefu wa kubebeka, nusu mita au pungufu. Kwa asubuhi moja wanaweza kuligeuza shina la karne nne kuwa kuni safi kabisa. Mpigie simu msimamizi wao hata kabla hujafika, umwombe mambo mawili: shina lisikatwe vipande vifupi kuliko mita 3, na panda za matawi manene ziachwe nzima. Kwenye panda, pale tawi linapotokea shinani, nyuzi za mti husukana, na hapo ndipo hutoka mbao zenye mawimbi ambayo mkerezaji atayalilia baadaye.

Mwaka 1999, baada ya kimbunga Floyd kuuharibu Mti wa Uhuru wa Annapolis, Marekani, ilibidi ukatwe. Magogo yake yalikuwa yanakwenda kutupwa jalalani hadi mtaalamu mmoja wa bustani alipoyaokoa, na miaka michache baadaye yakawa magitaa. Kama yangefika jalalani, leo pasingekuwa na cha kusimulia.

Jambo la pili ni usalama, na hapa sina mzaha. Mti ulioanguka pamoja na mizizi yake ni mtego. Shina likikatwa, kisiki chenye mzigo wote wa udongo kinaweza kuinuka ghafla na kurudi kwenye shimo lake. Mtu aliyeingia shimoni kupiga picha hatapata nafasi ya kutoka. Matawi yaliyobanwa chini ya shina nayo yamevutwa kama upinde. Mkato wa kwanza mwachie fundi wa chenso aliyefunzwa kazi ya miti iliyoanguka, na watu wakae mbali.

Kisha uliza mti ni wa nani. Mwenye ardhi, halmashauri, mamlaka ya urithi, taasisi ya dini: kila mmoja anaweza kuwa na neno. Pata ruhusa ya maandishi yenye kutaja nani anamiliki mbao, nani anamiliki kazi zitakazotokana nazo, na fedha za mauzo zinakwenda wapi. Na kama mti haukuanguka bali umeangushwa, basi ni kielelezo cha kesi kabla ya kuwa malighafi. Mti wa Sycamore Gap, kando ya Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, ulikatwa usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023. Wanaume wawili walitiwa hatiani mwaka 2025. Katika kisa kama hicho, usiguse hata kijiti mpaka polisi waseme.

Hatua ya 2: Okoa mbegu na vikonyo

Hii si kazi ya msanii, lakini usipoikumbuka wewe, huenda asiikumbuke mtu. Tawi lililoanguka bado li hai kwa siku chache. Mwite mtu wa bustani ya miche akate vikonyo vya kubebesha, yaani vijiti vichanga vya kuunganishwa kwenye mche mwingine, avifunge kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, aviweke pa baridi. Kusanya pia mbegu, hata zisizoonekana kukomaa. Kutoka kwenye mti wa Sycamore Gap ilipatikana miche iliyogawiwa jamii mbalimbali. Iliyotangazwa ilikuwa 49, kwa sababu mti ulikuwa na urefu wa futi 49 ulipokatwa. Mti uliokuwa ukitazamwa na Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha Wanazi wasimpate, kutoka mafichoni Amsterdam ulianguka kwa dhoruba tarehe 23 Agosti 2010. Kwa bahati miche yake ilikuwa imekwisha kuoteshwa kabla, maana ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu na watu walijua.

Hatua ya 3: Andika kabla ya kupasua

Huko Stratford-upon-Avon, Uingereza, kulikuwa na mforsadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare mwenyewe. Katika miaka ya 1750 mwenye nyumba, Francis Gastrell, aliyechoshwa na wageni, aliukata. Mtengeneza saa aitwaye Thomas Sharp alinunua sehemu kubwa ya mbao, akauza visanduku, vikombe na vikorokoro kwa miaka na miaka, mpaka watu wakaanza kuuliza: hivi mti mmoja unazaa vyote hivi? Mwaka 1799, akiwa karibu kufa, ilimbidi aape kwamba hajawahi kuuza kitu kisichotoka kwenye mti ule. Huenda alisema kweli. Tatizo ni kwamba hakuwa na daftari.

Wewe uwe nalo. Kabla gogo la kwanza halijapasuliwa, piga picha mti mzima ulivyolala, kutoka pande zote, futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha. Chora mchoro wa mkono, usijali uzuri wake. Shina liite S, matawi makuu A, B, C. Shina ligawe kuanzia chini: S1, S2, S3. Weka alama ya upande uliotazama kaskazini, kwa sababu baadaye kuna mtu atataka kujua ni upande gani watu walikuwa wakikaa kivulini.

Sasa shida ndogo ya vitendo. Rangi uliyoandika kwenye gome inaondoka na gome, na chaki inaondoka na mvua. Ninachotumia ni vibati vidogo vya alumini vilivyogongwa namba kwa msumari, halafu kukazwa kwenye kichwa cha gogo kwa misumari ya alumini. Usitumie ya chuma, kwani huacha doa jeusi kwenye mbao na huvunja meno ya msumeno. Gogo S2 likipasuliwa, ubao wa kwanza unakuwa S2-1, wa pili S2-2, na ubao ukikatwa mara mbili unakuwa S2-2a na S2-2b. Daftarini andika namba, urefu, upana, unene, tarehe, ulikwenda kwa nani. Kila mkato, mstari mmoja. Inachosha, na mtu utakayempa kazi hii ataiacha siku ya tatu usipomkagua.

Hatua ya 4: Uulize mti unaweza kuwa nini

Kamati nyingi huanza na ndoto: benchi, sanamu, milango. Lakini mti ndio wenye kauli ya mwisho.

Msufi mkubwa wa Freetown, Sierra Leone, ulioitwa mti wa alama ya mji na kukadiriwa kuwa na karne nne, ulianguka kwa dhoruba tarehe 24 Mei 2023. Msufi ni mkubwa wa kutisha, ila ubao wake ni mwepesi, laini, na ukiachwa nje huingia madoa ya buluu na kuoza upesi. Mtu akikuletea msufi akitaka benchi la nje la kudumu, mwambie ukweli. Kwa msufi fikiria vinyago vya ndani, ngoma, vinyago vya uso vyepesi, au kuchukua alama ya gome lake kwa plasta.

Mbuyu ni mgumu zaidi, yaani mgumu kwa msanii, maana wenyewe ni laini kama sifongo. Ndani una maji mengi mno, na ukianguka hunywea na kuwa lundo la nyuzi. Mbuyu wa Chapman huko Botswana, alama ya njia kwa wasafiri tangu karne ya 19, ulianguka Januari 2016. Kwa mti kama huo sahau mbao. Sokota kamba, fuma, tengeneza karatasi ya nyuzi zake, au mimina plasta kwenye mikunjo ya gome na uhifadhi sura.

Mkuyu na ndugu zake hutoa utomvu mweupe unaonasa kwenye msumeno, ubao wake ni laini na bungua wanaupenda. Unachongeka, lakini shughulikia wadudu mapema. Mwembe ni rafiki wa mkerezaji: unapata bakuli zenye michirizi myeusi na kahawia, ambayo kwa kweli ni kazi ya kuvu, ila nani atalalamika. Mvule hudumu hata nje, lakini huficha vijiwe vya chokaa ndani ya ubao, vigumu kiasi cha kumaliza makali ya msumeno kwa mpigo mmoja, na vumbi lake huwasha kifua. Vaa barakoa. Mpingo una jambo jingine: umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo hata kinyago kikitaka kuvuka mpaka kinaweza kudaiwa kibali. Uliza kabla ya kumwahidi mtu wa ng'ambo.

Kama mti ulikuwa na uwazi katikati, na miti mikongwe mingi ndivyo ilivyo, usihesabu mbao kwa kutazama unene wa nje. Nimeona shina ambalo watu watatu walishikana mikono hawakulizunguka, na ndani ubao mzima ulikuwa wa sentimita 20 tu pembeni. Sehemu iliyooza pia ina matumizi. Pasipooza sana, kuvu huchora mistari myeusi ambayo hakuna msanii anayeweza kuichora.

Hatua ya 5: Ziba vichwa, tafuta chuma, ndipo upasue

Siku ile ile gogo linapokatwa, paka vichwa vyake vyote viwili nta iliyoyeyushwa, au rangi nzito ya mafuta, tabaka mbili. Ukisahau mengine yote, shika hili. Maji ndani ya mti husafiri kwa kufuata nyuzi, na kichwani hutoka mara 10 au zaidi kwa kasi kuliko ubavuni. Kichwa kikikauka kabla ya tumbo, kinapasuka, na ufa unaingia ndani kila siku. Gharama ni kopo moja la rangi. Nimekutana na magogo ya miti iliyolindwa kwa sheria zaidi ya miaka mia, yakapotea nusu kwa sababu ya kopo hilo.

Miti ya kihistoria ina ugonjwa wake: watu. Wamegongelea matangazo, wamefunga nyaya, wametundika taa, huenda wamepiga risasi. Mti humeza vyote na kufunika. Pitisha kigundua chuma kila upande wa gogo, na pale kinapolia, weka alama ya rangi nyekundu. Tazama pia vichwa vya magogo: doa la buluu iliyokoza au jeusi lenye umbo la mwali wa moto, hasa kwenye mti wenye tanini nyingi (kemikali ya mti inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma) kama mwaloni, maana yake kuna chuma karibu. Msumari ulioutoa usiutupe. Upe namba, uandike ulitoka wapi. Nimeona sanamu ambayo kitu kilichogusa watu zaidi kilikuwa msumari wa kutundikia taa, ukiwa bado ndani ya ubao, na doa lake jeusi limeuzunguka kama kivuli.

Kupasua kwenyewe mwachie mwenye mashine ya kuhamishika. Mwambie unene: sentimita 3 kwa visanduku na vitu vidogo, 5 hadi 6 kwa meza na viti, 8 au zaidi kwa wachongaji tu. Usipasue mti wote kuwa mbao. Acha magogo mawili matatu mazima, vichwa vimezibwa, kwa mchongaji ambaye hajazaliwa kichwani mwa kamati bado.

Na kuhusu ile sahani ya shina ambayo kila mtu anaitaka. Ubao unapokauka husinyaa kuzunguka pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kitovuni kwenda nje. Sahani nzima haina pa kukimbilia, lazima ipasuke. Una njia tatu za uaminifu. Unaweza kuikata nusu mbili, kuzikausha, kunyoosha kingo kwa randa, kisha kuziunganisha. Unaweza kuiloweka ikiwa mbichi kwenye polietilini glikoli, dawa inayoingia ndani ya ubao badala ya maji, ile ile iliyotumika kuokoa meli ya Vasa ya Sweden, iliyozama mwaka 1628, ikaibuliwa 1961, ikanyunyiziwa dawa hiyo kwa miaka 17. Au unaikubali ipasuke, na ufa unakuwa sehemu ya kazi. Mimi siku hizi huchagua hiyo ya tatu. Mti ulioanguka kwa kishindo hauhitaji kujifanya mzima.

Hatua ya 6: Kausha, na upime badala ya kubashiri

Chagua banda lenye paa na upepo, bila jua la moja kwa moja. Chini weka matofali au boriti, ubao wa kwanza uwe juu ya sakafu kwa sentimita 30 au zaidi. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja, sentimita 2 hivi, kila nusu mita, na vijiti vya safu zote vikae kwenye mstari mmoja wa wima. Kijiti kikihama, ubao unapinda pale pale, na hautanyooka tena. Juu ya rundo weka uzito: mawe, matofali, chochote.

Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ni makadirio, si sheria. Msufi hutangulia, mvule huchelewa. Ndiyo maana unapima. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, mbali na kichwa, kipime kwa mizani ya jikoni yenye gramu, kisha kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 103 za Selsiasi hadi uzito uache kushuka. Tuseme kilikuwa gramu 180, kimebaki 120. Maji yaliyotoka ni gramu 60, gawa kwa 120: unyevu ulikuwa asilimia 50. Chini ya asilimia 30 hivi ndipo ubao huanza kusinyaa, kwa hiyo usishangilie kwamba "haujapasuka" wakati bado uko 40. Kwa kazi za ndani subiri ufike kati ya 8 na 12, na katika hewa yenye unyevu mwingi unaweza kukubali zaidi kidogo. Kipima unyevu cha kuchomeka kwenye ubao kinarahisisha, ila kipime pamoja na mizani angalau mara moja uone kama kinasema kweli.

Kila mwezi pita na tochi. Ukiona unga laini kama wa ngano chini ya ubao na vitundu vya milimita 1 au 2, bungua wameingia, na kwa kawaida wanaanzia kwenye ubao mweupe wa nje. Vipande vidogo vifungie ndani ya plastiki, uviweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Mbao kubwa zipeleke kwenye tanuri: kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo ni nyuzi 56 ndani ya kiini cha ubao kwa dakika 30. Si joto kubwa sana, lakini lazima lifike katikati.

Hatua ya 7: Wakati mbao zinakauka, wape watu kitu

Hapa ndipo saa ya watu inahudumiwa. Kuna kazi nyingi ambazo hazihitaji ubao mkavu, na zingine zinataka ubao mbichi hasa.

Mkaa wa kuchorea ndio ninaoupenda kuliko yote. Chukua vijiti vya unene wa kidole, viondoe gome, vipange ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko, toboa tundu moja dogo juu. Weka mkebe motoni. Moshi utatoka kwanza mweupe na mzito, kisha mwembamba, kisha utakoma. Ukikoma, toa mkebe, ziba tundu, uache upoe bila kufungua mpaka kesho yake. Ukifungua mapema, hewa inaingia na unabaki na majivu. Mti mmoja unatoa vijiti vya mkaa vya kutosha shule nzima, na mtoto anayeuchora mti kwa mkaa wa mti wenyewe hahitaji kuelezewa maana ya kumbukumbu.

Alama ya gome: bandika karatasi nyembamba, sugua kwa mkaa huo huo. Chapa ya pete: kichwa cha gogo kilainishwe kwa msasa mpaka kiwe laini kabisa, kichomwe kidogo kwa moto wa gesi, kisuguliwe kwa brashi ya waya ili sehemu laini za pete zitoke na zile ngumu zibaki zimeinuka, pakaza wino kwa rola, weka karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko. Ila miti mingi ya ukanda wa joto haina pete za mwaka zinazosomeka, hivyo usiwaahidi watu kuhesabu umri kwa pete kabla hujamwonyesha mtaalamu wa miti.

Mkerezaji naye anaweza kuanza siku ya pili. Bakuli hukerezwa likiwa bichi na ukuta wake ukiachwa mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana wake: bakuli la sentimita 25, ukuta wa sentimita 2.5. Kisha linafungwa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, linasinyaa taratibu na kuwa umbo la yai, na baada ya miezi kadhaa linarudi mashineni kukamilishwa. Miiko na vitu vya kuchonga kwa kisu pia hupendelea mti mbichi. Vumbi la mbao na majivu wape wafinyanzi kwa rangi za kung'arishia vyungu, na wenye kutengeneza karatasi.

Hatua ya 8: Gawa mbao kwa masharti

Mwaka 1998, huko Uingereza, mwaloni mmoja wa Tatton Park uliokuwa na miaka kama 170 ulikatwa na kugawiwa makumi ya mafundi na wasanii, kwa lengo la kuonyesha mti mmoja unaweza kuzaa nini, hadi majani na vumbi. Jambo hilo linafundisha kwamba kugawa kwa mpango kunatoa zaidi kuliko kumpa mtu mmoja maarufu gogo lote. Ila mgao bila masharti ni ugomvi wa kesho. Kila msanii asaini: amepokea mbao namba gani, atatengeneza vitu vingapi, mabaki yanarudi, na hataongeza mbao za mti mwingine bila kusema. Hilo la mabaki wanalikasirikia. Shikilia. Mabaki ndiyo yanayogeuka kuwa vishika funguo "halisi" sokoni.

Baadhi ya mbao zigawe kwa watu wasio na jina pia. Wye Oak, mwaloni wa Maryland uliokadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 460, ulipoanguka tarehe 6 Juni 2002, mbao zake zilitengenezewa meza ya gavana. Meza ya gavana ni sawa. Lakini waliokuwa wakikaa chini ya ule mti wengi hawataketi kwenye meza hiyo kamwe.

Hatua ya 9: Chonga bila kuficha

Ubao umekauka, umekuja mkononi mwako. Una ufa, una shimo la bungua, una doa la msumari. Seremala wa kawaida angekata vyote atupe. Wewe anza na hivyo. Ufa unaoendelea kutembea uzuie kwa kiungo chenye umbo la kipepeo, kilichokatwa kutoka kwenye mti huo huo, kiingie robo tatu ya unene au chini kidogo, nyuzi zake zikiukata ufa kwa msalaba. Nyuzi zikifuata ufa, kipepeo kinavunjika katikati. Penye uozo laini, dondoshea epoksi (gundi ya plastiki inayoganda) nyembamba inywewe, usijaze mpaka ing'ae kama barafu. Epoksi nyingi humfanya mtu aone plastiki, asione mti.

Maandishi machache. Tarehe na jina la mti vinatosha, na uviweke mgongoni au chini ya kiti.

Kwa kazi ya ndani, mafuta ya kitani au nta, tabaka nyembamba, kwa sababu yanaweza kurudiwa na mtu asiye fundi. Matambara yenye mafuta ya kitani yaanike wazi au yalowekwe majini; yakikunjwa rundo moja huweza kuwaka yenyewe. Kwa kazi ya nje tumia kiini cha mti pekee, yaani ubao wa ndani, si ule mweupe wa nje, inua miguu ya benchi kutoka ardhini kwa vyuma au mawe, na usiweke kichwa cha ubao kikigusa udongo. Mti usiostahimili nje usiulazimishe. Mahali mti uliposimama panaweza kubaki kisiki na kibao, na benchi likawa ndani.

Hatua ya 10: Cheti, na kipande kisichoguswa

Kila kazi inayotoka iende na karatasi moja: namba ya ubao kama ilivyo daftarini, picha ya kazi, picha ya gogo lilikotoka, jina la msanii, tarehe, na maelekezo ya matunzo mistari miwili. Namba hiyo hiyo ichomwe au ipigwe mhuri mahali pa siri kwenye kazi yenyewe, maana karatasi hupotea. Nakala ya daftari iweke sehemu mbili tofauti, mojawapo iwe maktaba au makumbusho yaliyo tayari kuipokea.

Na kabla hujafunga karakana, chagua kipande kimoja cha S2 chenye gome, ubao mweupe wa nje na kiini, ukubwa wa tofali. Kikaushe kama vingine, usikipake mafuta wala nta, usikipige msasa. Kifunge kwa karatasi isiyo na asidi, andika namba, kiende pamoja na daftari. Siku mtu atakapokuja na kisanduku akisema babu yake alikipata kutoka kwenye mti wenu, pete au vinasaba vya tofali hilo vitakuwa na la kumjibu.